Kisima kimewaka siku mbili: tutajuaje kama gesi inatosha?

Mkaaji wa Wiyoni

Assalaam alaykum wanajamvi. Swali langu ni kwa wenye ujuzi wa gesi. Huku Amu (Lamu), kwenye mabaraza, watu husema kisima kikitoa futi za ujazo milioni 5 kwa siku na mwenge (moto wa gesi inayochomwa kwenye jaribio) ukawaka siku mbili, basi chini kuna utajiri. Tuseme kisima kama hicho kimechimbwa bara ya Lamu, upande wa Hindi au Witu, kina cha mita 3,000, na tabaka la mchanga lenye gesi lina unene wa mita 10. Mtu wa kamati ya kijiji aulize nini ili ajue kama gesi hiyo itaendesha mtambo wa umeme wa megawati 10? Na kwa nini kampuni husema lazima kisima cha pili?

Fundi Presha

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Mwenge hauonyeshi ukubwa wa hifadhi ya gesi iliyo chini, unaonyesha tu kasi ya gesi kupita kwenye bomba siku ile. Swali la kamati liwe hili: kisima kilipofungwa baada ya jaribio, presha ya chini ilirudi hadi wapi?

Chukua mfano wako. Futi milioni 5 ni kama mita za ujazo 140,000 kwa siku, kwa hiyo siku mbili zimetoa mita 280,000. Kwa kina cha mita 3,000, presha ya kawaida ni karibu bar 300 (bar ni kipimo cha presha). Tuseme baada ya kufunga na kusubiri imetulia kwenye bar 298 na haipandi tena. Presha iliyopotea ni chini ya asilimia moja, lakini imepotea kwa gesi ya siku mbili tu. Ukipiga hesabu, pamoja na kurekebisha tabia ya gesi kwenye presha kubwa, mfuko mzima wa gesi huko chini una mita za ujazo milioni 40 hadi 50. Injini za gesi za megawati 10 hula kama mita 61,000 kwa siku. Ukiweza kutoa asilimia 70 ya gesi hiyo, umeme utadumu mwaka mmoja na nusu, na hapo hujalipa hata gharama ya kisima.

Ikirudi 300 kamili, hiyo ni habari njema, ila bado haijathibitisha ukubwa.

Uliza pia geji, yaani vipima presha, zilikaa wapi. Ziwe chini kabisa, karibu na tabaka lenyewe. Geji ya juu kwenye valvu hudanganya, kwa sababu gesi iliyo kwenye bomba hupoa baada ya kufungwa na uzito wake hubadilika. Tofauti ya bar 2 hupotea humo. Ziwekwe mbili au zaidi. Zikikinzana, hakuna hesabu. Na saa za mwanzo, kisima kinapotapika tope la kuchimbia, zisitumiwe kupimia uwezo wake, ila gesi iliyotoka saa hizo ihesabiwe kwenye jumla.

Jiwe la Mchanga

Naongeza jambo ambalo Fundi ameligusa kwa mbali. Presha kutorudi kuna sababu mbili, nazo huchanganywa sana. Huenda mfuko ni mdogo, au huenda mwamba ni mgumu kupenyeka na presha bado iko njiani. Ukifunga kisima saa 24 tu baada ya kukiacha kitoe saa 48, huwezi kuzitenganisha. Muda wa kufunga uwe angalau mara moja na nusu ya muda wa kutoa, na kwenye mwamba mgumu zaidi ya hapo. Kampuni hukataa kwa sababu mtambo wa kuchimba hulipiwa kwa siku hata ukikaa kimya. Dawa ni kuacha geji chini kwa waya na kuondoa mtambo, si kufupisha jaribio.

Na jaribio huona karibu. Mwamba wenye upenyo wa milidasi 10 (kipimo cha urahisi wa gesi kupita mwambani), kwa saa 48, jaribio huona kama mita 250 kutoka kisimani. Ukiwa na milidasi 1, huona mita 80 hivi. Ukitaka kuona mara mbili ya umbali huo, muda uwe mara nne. Hapo ndipo kisima cha pili kinapoingia.

Tazama hesabu ya ujazo: eneo mara unene, mara matundu ya mwamba, mara sehemu ya matundu yenye gesi. Kwa mita 10, matundu asilimia 18, gesi asilimia 65, kila mita ya ujazo ya gesi ya chini hutanuka kuwa kama 230 ikifika juu. Eneo likiwa kilomita za mraba 4, gesi yote ni kama mita bilioni 1.1, na kwa asilimia 70 mtambo wako una miaka 34. Likiwa kilomita ya mraba 1, ni miaka 8 na nusu. Maji ya chini yakipanda mapema ukapata nusu tu, ni miaka 6. Unene na matundu umevipima kisimani. Eneo umelichora kwa mitetemo ya ardhi, na ufa mmoja usioonekana hulikata vipande.

Kisima cha pili kisichimbwe juu kileleni kando ya cha kwanza. Kichimbwe mteremkoni, kitafute mahali gesi inapokutana na maji. Hata kikitoka maji kimefanya kazi, maana kimeweka mpaka. Presha yake ilinganishwe na ya kwanza: tofauti yao ikilingana na uzito wa gesi iliyo kati ya vina hivyo viwili, yaelekea mfuko ni mmoja.

Mkaaji wa Wiyoni

Shukran sana. Sasa fedha za kisima cha pili zikikosekana, gesi ikae tu? Kisima cha Pate cha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilikutana na gesi, na sisi bado tunasimuliana.

Fundi Presha

Isikae. Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982, ikalala zaidi ya miaka 20, kisha ikaanzia kwenye mtambo mdogo wa umeme wa huko huko. Kwenu laini ya umeme ya 220 kV ya Rabai, Malindi, Garsen hadi Lamu ipo. Unaleta injini za megawati 1 au 2 za kukodi, separeta ya kutenga maji, kikaushio cha glikoli cha kuondoa unyevu kwenye gesi, na kisima kinatoa miezi sita huku geji zikiandika. Hilo ni jaribio refu linalojilipia sehemu ya gharama, na gesi haichomwi bure. Kila mwezi funga siku chache, chora presha dhidi ya gesi iliyotoka. Mstari utakuonyesha mwisho wa mfuko. Angalizo: ukitoa megawati 1 tu kutoka hifadhi kubwa, presha haitashuka kiasi cha kupimika. Chagua kiwango kitakachoonyesha kitu.

Kabla ya kununua bomba lolote, pimeni kama gesi ina kabonidayoksaidi na haidrojeni salfaidi. Zikiwemo pamoja na maji, bomba la chuma cha kawaida litaliwa.

Binti Shela

Naongeza kuhusu faida ya wananchi. Ile asilimia 5 ya jamii ya eneo katika Sheria ya Petroli ya Kenya ya 2019: inatoka kwenye fungu la serikali la faida, baada ya kampuni kurudisha gharama zake. Mfuko mdogo wenye gharama kubwa huacha kidogo cha kugawa, kwa hiyo kamati idai kuona hesabu ya gharama mapema.

Na maji. Maji yetu matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, kama yale ya chini ya machuguu ya Shela. Bomba la kwanza linaloshikilia ukuta wa kisima lishuke chini ya maji matamu yote na saruji yake ifike hadi juu, bila pengo. Ripoti ya kupima saruji iombwe. Sampuli za visima vya wananchi zichukuliwe kabla mtambo wa kuchimba haujafika, kiangazi na masika, zipimwe chumvi, methani na mafuta, na nakala moja ibaki kwa kamati.