Ushauri: madoa kwenye magugu maji ya Luchelele, kuvu hii ni spishi mpya?

Ufukwe_Luchelele:
Wakuu, habari zenu. Majani ya magugu maji hapa Luchelele, ufukweni mwa Ziwa Victoria jijini Mwanza, yana madoa ya kahawia yenye ukingo uliokolea. Kwenye agari ya viazi (PDA, chakula cha kuoteshea kuvu), nyuzi 25, kolonia ni nyeupe, inageuka kijivu, na siku ya 7 inatoa utelezi wa rangi ya chungwa katikati. Konidia (spora zake) zimenyooka kama kidonge, hazina rangi wala ukuta wa katikati. ITS (kipande cha DNA cha kutambulia kuvu) inafanana kwa asilimia 99.8 na spishi zaidi ya 20 za Colletotrichum, jenasi ya kuvu. Otesho (kuvu iliyotengwa na kuoteshwa peke yake) ninalo moja tu. Naweza kuitangaza kuwa mpya?

Bi_Agari:
Bado, kaka. Kufanana na majina 20 hakumaanishi kuwa ni mpya. Maana yake ni kwamba ITS haina uwezo wa kuzitenganisha. Kwenye Colletotrichum inakuonyesha kundi, haikuonyeshi spishi. Anza na jeni ya gapdh, ndiyo inayotenganisha vizuri kwa gharama ndogo, kisha ongeza act, chs-1 na tub2. Ikiangukia kundi la gloeosporioides, hata hizo zinaweza zisitoshe. Weka na ApMat, kipande kingine cha DNA.

Unapochora mti wa ukoo, linganisha na mfuatano wa DNA uliotoka kwenye maotesho ya aina tu, yaani yale yanayotokana na sampuli rasmi ya kila jina. GenBank (hifadhidata ya DNA) imejaa Colletotrichum zilizopewa majina kwa kukisia, ukizichanganya humo utaona tawi "jipya" ambalo ni kosa la mtu mwingine. Tawi lako liwe na bootstrap (alama ya uhakika wa tawi, kati ya 100) ya 70 au zaidi, na jeni zisipingane: chora mti wa kila jeni peke yake kabla ya kuziunganisha.

Na hilo otesho moja ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Rudi ufukweni, chukua majani ya mimea mingine iliyo mbali na ule wa kwanza, upate angalau maotesho matatu.

Mzee_Hadubini:
Nakazia hapo kwa Bi Agari. Kata vipande vya milimita 5 kwenye mpaka wa doa na sehemu nzima. Katikati ya doa usiguse, pale wamejaa kuvu na bakteria wageni wanaoozesha tu. Spiriti ya asilimia 70 sekunde 30, kisha hipokloriti (dawa ya kufulia ya kung'arisha nguo) ya asilimia 1 dakika moja, suuza mara tatu kwa maji yaliyotakaswa. Soma lebo ya dawa ya kufulia: ikiwa ni asilimia 3.5, mililita 100 changanya na maji mililita 250. Jani la magugu maji ni laini. Ukizidisha dakika, dawa inapenya na kuua kuvu unayoitafuta.

Halafu toa otesho la spora moja. Koroga utelezi kwenye maji, tandaza kwenye agari ya maji, na baada ya saa 12 hadi 24 nyanyua spora moja iliyochipua. Usipofanya hivyo unaweza kupima umbo la kuvu moja na DNA ya nyingine.

Vipimo: konidia 50 kwa ukuzaji wa mara 1000, urefu na upana, ukiandika wastani na kiwango cha chini na cha juu. Rula iliyo kwenye lenzi ya jicho ya hadubini irekebishwe kwa kila lenzi ya chini. Migawanyo yake 100 ikilingana na mikromita 100 za slaidi ya kipimo, mgawanyo mmoja ni mikromita 1. Kwenye lenzi nyingine hesabu hiyo haifai tena.

Apresoria (viungo ambavyo kuvu hujishikiza navyo kwenye jani) usiziache, umbo lake linasaidia sana. Weka kipande cha agari ya SNA (yenye virutubisho vichache) cha milimita 10 kwenye sahani tupu, pandikiza ukingoni, funika kwa kioo chembamba, uangalie chini ya kioo.

Kabati_la_Sampuli:
Miti ya ukoo ikikubali, ndipo uje kwenye jina. Holotaipu (sampuli moja rasmi inayobeba jina la spishi) haiwezi kuwa otesho linaloendelea kukua. Likaushe au uligandishe, na maelezo yaseme wazi kuwa limehifadhiwa likiwa limesimama kimetaboliki, yaani halikui tena. Taja hifadhi ilipo, mfano hebaria (hifadhi ya sampuli kavu) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nakala hai peleka kwenye makusanyo mawili ya kuvu hai. Ikivuka mpaka wa nchi, vibali vitangulie.

Tangu 2013 jina la kuvu lazima lipate namba ya usajili, mfano ya MycoBank (daftari la mtandaoni la majina ya kuvu), na namba hiyo ichapwe pamoja na maelezo. Maelezo yawe kwa Kilatini au Kiingereza. Ukitaka kuiita kwa jina la Mwanza, Colletotrichum si ya kike wala ya kiume, kwa hiyo ni mwanzaense, si mwanzaensis.

Ufukwe_Luchelele:
Asanteni sana. Nikiliandika kwanza kwenye tasnifu yangu, jina linahesabika?

Kabati_la_Sampuli:
Kwa kawaida halihesabiki, isipokuwa tasnifu ina ISBN au tamko kuwa imekusudiwa kuwa chapisho. Humo iite "Colletotrichum sp." na namba ya otesho, jina litoke kwenye jarida.