Serikali inatulipa tubuni kifaa cha ulinzi, inachukua michoro, halafu inatangaza tenda tusiyoweza kuomba

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite.

Mimi na wenzangu tuna karakana ndogo Kizota, hapa Dodoma. Tunatengeneza vifaa vya kielektroniki vya ulinzi. Sizungumzii kamera za kuchukua Kariakoo na kuja kufunga getini. Tulichohangaika nacho ni kihisio cha kufukia ardhini: unakizika nje kidogo ya uzio wa kambi, ghala au mtambo, kinasikiliza mtikisiko, halafu kinatuma taarifa kwa redio kwamba hapa kapita mtu, pale imepita bodaboda. Ndani kuna jiofoni (kinasa mtikisiko wa ardhi), betri na bodi ya saketi, vyote vimekaa kwenye kipande cha bomba la maji la plastiki kilichozibwa kwa gundi pande zote mbili.

Kilichotutoa jasho ni ng'ombe. Anayeijua Dodoma ananielewa, mifugo iko kila mahali. Kundi likipita, kifaa kilikuwa kinapiga kelele kana kwamba tumevamiwa. Ikabidi tukae na wafugaji kule Chigongwe, tunarekodi ng'ombe wakienda kunywa maji na wakirudi, ardhi kavu na ardhi mbichi, hadi programu ikajua kutofautisha kwato na mguu wa binadamu. Mbuzi bado wanaisumbua. Kuna mzee mmoja wa Kigogo akatuambia, "Mwizi wa ng'ombe hachungi, anaswaga," kwa hiyo mwendo wa kundi linaloibwa ni mwingine kabisa. Akawaambia wajukuu zake waswage kundi mbio, tukarekodi na hiyo. Rekodi za namna hiyo hata uende China na fedha mkononi hununui.

Ikaja fursa. Taasisi moja ya umma (jina silitaji, nina watoto wanasoma) ikatangaza fedha za ubunifu kwa kampuni ndogo, na ulinzi wa miundombinu ukiwemo. Tukaomba, tukapata. Nisiwe mnafiki, fedha ilitoka na ilitosha kutengeneza sampuli. Wakaja kuikagua, ikafanya kazi mbele yao. Mgeni rasmi akapigwa picha amekishika kifaa kichwa chini miguu juu, antena inatazama udongo. Tukagawiwa vyeti na fulana.

Baada ya hapo wakasema ili tuingie hatua ya pili tukabidhi nyaraka zote. Michoro ya saketi, orodha ya vipuri na maduka tunakonunua, programu, hadi zile rekodi za ng'ombe. Kwenye mkataba waliweka kwamba matokeo yote ni mali ya mfadhili. Tulihoji, tukajibiwa, "Huo ni utaratibu wa kawaida, vijana msiwe wagumu." Tukakabidhi. Hatua ya pili mpaka leo hatujaiona. Ofisa aliyekuwa anatusikiliza akahamishwa, aliyekuja nyuma yake hajui faili liko wapi, ukipiga simu yuko kikaoni, ukienda Mtumba ziliko ofisi za wizara, yuko safari. Na sisi tulishangilia serikali ilipohamia Dodoma, tukidhani kuwa jirani na ofisi kuna faida!

Sasa juzi jamaa yangu ananitumia tangazo la tenda kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Vihisio vya mtikisiko vya kufukiwa ardhini. Masafa ya redio ni yale yale tuliyoandika sisi. Muda wa betri ule ule. Wamenakili mpaka kipenyo cha bomba! Wakuu, kile kipenyo tulikichagua kwa sababu ndicho fundi bomba jirani yetu alikuwa amebakiwa nacho. Hakuna sababu nyingine ya kitaalamu duniani. Halafu ngoja niwape vigezo: mwombaji awe amewahi kutekeleza mikataba inayofanana, alete hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, mauzo ya mwaka ambayo karakana yetu na za majirani wote tukichanga hatufikishi, na barua ya idhini kutoka kwa mtengenezaji. Mtengenezaji ni mimi. Nijiandikie barua?

Atakayeshinda ni dalali mwenye ofisi nzuri na hesabu nzuri, ataagiza kutoka nje kitu kinachofanana, na siku ng'ombe wa kwanza akipita walinzi watakizima.

Kabla hamjaniambia "nchi zote ziko hivyo", someni Marekani wanafanyaje. Wana mpango unaitwa SBIR, wa kufadhili utafiti wa kampuni ndogo, ulianzishwa kwa sheria mwaka 1982. Kila wakala wa serikali ambao bajeti yake ya utafiti unaofanywa na watu wa nje ya wakala inazidi dola milioni 100 kwa mwaka unalazimika kutenga asilimia 3.2 ya bajeti hiyo kwa kampuni ndogo, na wizara yao ya ulinzi ndiyo inayotoa fungu kubwa kuliko wote. Hatua ya kwanza unathibitisha wazo, ya pili unatengeneza sampuli. Ukifika ya tatu, wakala unaruhusiwa kukupa mkataba bila kukushindanisha upya, kwa kuwa ulishashindana mwanzoni. Data zako zinalindwa miaka 20: serikali inazitumia, lakini haiwezi kumkabidhi mshindani wako akatengeneze. Qualcomm, hawa wa chipu za simu, walipita humo wakiwa bado wadogo. Wamarekani nao wanaulalamikia, kuna kampuni zinaishi kwa ruzuku tu na hazijawahi kuuza hata kimoja. Sawa. Wanalalamikia mlango wanaopitia. Sisi mlango wenyewe hatuna.

Najua kuna atakayeleta habari ya asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu (vijana, wanawake, wazee, wenye ulemavu). Ipo, na ni jambo zuri, ila ninazoziona mimi zikitolewa ni za usafi, chakula na kushona sare. Mwingine ataniambia mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10. Huo ni mkopo ndugu yangu, kuku anautaga na kuurudisha, utafiti hautagi kwa ratiba. Mzinga wapo Morogoro, Nyumbu wapo Kibaha, sina ugomvi nao hata kidogo, lakini hayo ni mashirika ya serikali ya mambo ya ulinzi. Fundi wa Kizota anaingilia wapi?

Fedha sidai tena. Nataka mtu anayefadhili sampuli alazimike kusema mapema ikifanya kazi nani atainunua. Nataka kilichotengenezwa kwa fedha hizo mwenyewe asizuiwe kukiuza kwa kukosa mauzo makubwa. Na michoro ikishaingia ofisini ijulikane nani kaifungua.

Sasa naomba msaada kwa wanaojua. Tenda inafungwa karibuni, malalamiko tunaanzia kwa ofisa masuuli (mkuu wa taasisi inayonunua) au tunaweza kwenda moja kwa moja PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma? Na ile ibara ya "mali ya mfadhili", je, inatuzuia kuomba hataza (patent) kwa wale wasajili wa BRELA kwa toleo jipya tulilolitengeneza wenyewe baada ya mkataba kuisha? Mwanasheria aliyepitia kesi ya namna hii aje PM, nakala za mkataba ninazo.