Barua ya County Court: ni mahakama ndogo au kubwa?

Wapendwa, habari za wiki. Mdogo wangu alisimamishwa na polisi usiku akitoka harusini hapa Houston. Wakampima pombe, akalala ndani. Katoka kwa dhamana na karatasi iliyoandikwa "County Criminal Court at Law". Shemeji anasema tusihangaike, hiyo ni mahakama ya mwanzo tu. Mwingine anasema afadhali ingekuwa District, kwani hiyo si ya wilaya? Nani wa kumsikiliza?
Mama Wawili

*

Pole sana dada. Majina ndiyo yanayotupoteza. Nyumbani Tanzania, Mahakama ya Wilaya iko hatua moja tu juu ya Mwanzo. Hapa Texas, District Court ndiyo inayosikiliza mauaji na felony (makosa makubwa ya jinai) nyingine zote, na baraza la wazee wa mahakama lina watu 12. County iko chini yake: makosa madogo ya daraja A na B, baraza la watu 6. Lakini isiwadanganye. Daraja B ni jela hadi siku 180 na faini hadi dola 2,000; A ni hadi mwaka mzima na dola 4,000. Mkitaka mwanzo yenu, basi ni Justice of the Peace au mahakama ya jiji: daraja C, faini isiyozidi dola 500, kifungo hakuna.

Kuendesha umelewa mara ya kwanza kwa kawaida ni B. Kipimo cha pombe kikifika 0.15 kosa linapanda kuwa A. Mara ya tatu ni felony, anahamia District, miaka 2 hadi 10. (Na rufaa za jinai haziishii Supreme Court ya Texas, hiyo haigusi jinai kabisa, kuna Court of Criminal Appeals, majaji 9 wa kuchaguliwa kwa kura. Ndiyo Texas hiyo.)

Angalieni namba ya mahakama. Kaunti ya Harris, ndiyo yenu hapo Houston, wako nazo 16 za namna hiyo. Mimi niliwahi kumsindikiza jamaa, karatasi imekunjwa, tukaisoma kichwa chini: tukakaa namba 6 wakati jina lake linaitwa namba 9. Hakimu akatoa hati ya kumkamata.
Mzee wa Dallas

*

Shemeji mwenyewe huyu, nisameheni. Wakili anasema itaisha kwa deferred, yaani anakiri, hukumu inaahirishwa kwa masharti, na haitahesabika hatia. Asaini?

*

Hapo simama kwanza. Kwa Texas, akimaliza masharti si hatia. Kwa sheria ya uhamiaji ya shirikisho, akishakiri kosa na hakimu akampa masharti ya adhabu, ni hatia. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili lazima amweleze mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Ana kadi ya kijani tu, au keshakuwa raia? Mwulizeni wakili hilo kabla ya kushika kalamu. Na ombeni mkalimani mapema, muandike "Swahili", siyo "African".
Mzee wa Dallas

*

Ana kadi ya kijani. Tunampigia wakili leo. Karatasi inasema 9:00 AM. Nimembandikia kwenye friji: SAA TATU asubuhi, Jumanne, namba 9. Mstari chini ya tisa nimeuchora mimi.
Mama Wawili