Mashine ikipanga vina, nani ametunga?

Ndugu zangu, naileta mada hii nikiwa tayari na upande wangu, ila niko radhi kusahihishwa.

Mwezi uliopita tulimfanyia marehemu baba arobaini. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alikuwa ameahidi shairi la kumkumbuka babu yake. Akaiagiza akili mnemba kwenye simu, na kabla chai haijapoa alikuwa na beti sita za tarbia, yaani za mishororo minne minne, vina vya kati na vya mwisho vyote mahali pake. Mshororo wa kwanza ulikuwa huu:

Babu ulitupenda sana, nasi tukakupenda

Nikamwambia ahesabu kwa vidole. Jumla mizani, yaani silabi, 16, sawa kabisa. Lakini ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, una 9 na utao, nusu ya pili, una 7, na anayeghani lazima ajikwae hapo katikati.

Hoja yangu lakini si mizani. Kuhesabu, mashine itajifunza. Kilichoniuma ni kwamba beti zote sita zingeweza kusomwa kwenye arobaini ya babu yeyote. Tukaenda kwa mama, ambaye bado yumo edani, tukamuuliza anamkumbukaje mumewe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Makubazi yake yako pale pale mlangoni. Sijathubutu kuyatoa." Mpwa wangu akaweka simu chini. Nikapunguza neno hapa na silabi pale, tukapata:

Makubazi mlangoni, sijathubutu kutoa

Nane kwa nane. Beti zilizobaki tulizitunga kwa sauti ya mama, na siku ya kisomo watu walilia.

Sasa kijana ana hoja, tena nzito. "Mjomba, hata wewe ulijifunza kwa kukariri mashairi ya watu. Mashine imesoma mengi kukushinda. Tofauti iko wapi?" Akanikumbusha Seoul, Machi 2016, programu ya kompyuta ya AlphaGo ilipocheza Go, mchezo wa ubao, na bingwa Lee Sedol wa Korea Kusini. Katika mchezo wa pili, hatua ya 37 iliwashangaza hata mabingwa waliokuwa wakitangaza, walidhani imekosea. Ikashinda mchezo ule, na pambano zima 4 kwa 1. Anayesema mashine haiwezi kuleta jipya aanze kwa kulijibu hilo.

Mimi najibu hivi. Katika Go, ubao wenyewe unaamua nani kashinda. Shairi linaamuliwa na mtu anayelipokea, na lina mtu anayelibeba. Mwanzoni mwa karne ya 19, enzi za Vita vya Shela, Muyaka wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walitupiana mashairi huku miji yao ikivutana. Kila mmoja alikuwa na mji nyuma yake na neno lake la kulijibia. Hata leo kwenye kurasa za mashairi magazetini, mtunzi hutaja jina lake na mahali alipo, ili anayetaka kumjibu ajue anamjibu nani. Mashine ukiiomba itakutungia shairi, na ukiiomba tena itatunga la kulipinga, na kwa yote mawili haipotezi kitu.

Kwa hiyo msimamo wangu: itumike kutafuta vina, sina ugomvi. Lakini mtu asitie jina lake kwenye tamati ya beti ambazo hakuzitunga, na mashindano ya ushairi yamtake kila mshiriki aseme wazi alisaidiwa wapi.

Liko jambo moja linanikwamisha. Ule mshororo wa makubazi, maneno ni ya mama, kipimo ni changu. Mpwa wangu anasema kama mashine ndiyo ingezipunguza zile silabi badala yangu, shairi lingebaki la mama vilevile. Nimejaribu kumbishia tangu siku hiyo na sijapata jibu linaloniridhisha. Nyinyi mnaotunga, mnasemaje?