Dalali anasema kiwanja "kimepimwa, hati ipo mbioni". Nanunua nini hapa?

Mama Naima: Habarini wakuu. Nimepata kiwanja Chanika, Dar es Salaam, mita 20 kwa 20. Bikoni, yale mawe ya mipaka, nimeziona kwa macho. Muuzaji ana karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa, basi. Mdogo wangu wa Manzese ana leseni ya makazi, anasema hizi karatasi zote ni sawa na hati. Nielewesheni kabla sijatoa hela.

Fundi Ramani: Dada, bikoni hata mimi nitakuchomekea kesho asubuhi. Kiwanja kinahesabika kimepimwa pale ramani ya upimaji inapoidhinishwa Wizara ya Ardhi, na hiyo hutanguliwa na mchoro wa mipango miji. Mwombe namba ya kitalu, namba ya kiwanja na namba ya ramani iliyosajiliwa. Akianza habari za "kuna mtu wangu pale halmashauri", ujue unauziwa shamba lililokatwa vipande.

Na akikuambia hati bado ila ana ofa, ofa ni barua ya toleo: Serikali imekubali kukumilikisha, na masharti yameandikwa humo. Hati inakuja baadaye. Wapo wazee wamekaa na ofa mpaka imechakaa, hati hawajawahi kuiona. Na hata hiyo hati ni haki ya kukaa kwa muda, mfano miaka 33, 66 au 99, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Ndiyo maana kila mwaka unadaiwa kodi ya pango la ardhi. Usiichanganye na ile ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme.

Leseni ya mdogo wako ni ya maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, na ni ya muda mfupi. Inamsaidia, ila hati siyo.

Wakili wa Uswazi: Mhuri wa mtaa unashuhudia kwamba mliuziana, haukuambii mali ni ya nani. Kama hati ipo, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati: utaona jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la kuiuza. Halafu muuzaji ana mke?

Mama Naima: Anaye, yupo Tanga. Dalali kasema hana haja ya kuja.

Wakili wa Uswazi: Kama ni mali ya ndoa, bila ridhaa yake ya maandishi usilipe hata senti.

Mama Naima: Sawa. Na namba ya ramani nimeomba, naambiwa jioni.

Fundi Ramani: Jioni ya lini?