Wauzaji wa flashi feki hapa Kigoma, acheni kuisingizia Linux

Wasimamizi wa jukwaa, naomba uzi huu usiunganishwe na zile nyuzi za kuuliza matatizo ya Linux, kwa kuwa tatizo ninalolileta hapa si la Linux.

Ndugu wanajamvi, mimi najipatia riziki kwa kupiga video za harusi hapa Kigoma, na kazi yote ya kuhariri na kumkabidhi mteja naifanyia kwenye kompyuta yenye Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows. Nilinunua flashi iliyoandikwa GB 128 katika duka moja la vifaa vya simu na kompyuta pale Mwanga, nikahamishia video za mteja wangu wa Ujiji, na majina ya mafaili yote yakaonekana, kila moja na ukubwa wake. Yule mama alipoichomeka kwenye televisheni mbele ya wageni wake, maharusi walionekana vizuri wakiingia ukumbini, lakini kuanzia kukata keki hadi zawadi za wazazi hakuna faili hata moja lililofunguka. Maneno niliyoambiwa siku hiyo hayaandikiki hapa.

Niliporudi dukani, muuzaji hakutaka hata kuichomeka. "Kaka, hiyo flashi ni og. Linux yako ndiyo imeiua, kaifomati kwa Windows itapona." Alipoona siondoki, akanionyesha kwa kidole maandishi yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Fundi wa kibanda cha jirani akaifomati kwa Windows, akanirudishia ikiwa tupu na ikisoma GB 119, kisha akadai na hela ya kazi. Kwa hiyo GB 119 sina ugomvi na mtu, kwa sababu kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu kwa mafungu ya 1024 (1024 × 1024 × 1024), ndiyo maana flashi halali ya GB 128 husomeka hivyo. Ugomvi wangu ni kwamba hata hizo 119 hazimo.

Nilipopeleka malalamiko kwenye kundi letu la mafundi, nikaletewa visingizio. Wa kwanza akasema Linux haielewi exFAT, ule mpangilio wa mafaili unaotumika kwenye flashi kubwa. Huyo amelala: Microsoft waliuweka wazi muundo wa exFAT mwaka 2019, kerneli (kiini cha Linux) toleo la 5.4 ikaanza kuubeba mwaka huohuo, na tangu 5.7 ya mwaka 2020 imekuwa na kiendeshi (programu ya kuusoma na kuuandika) kilichokomaa. Wa pili akasema nimechomoa mapema. Hoja hii kidogo ina akili, kwani kwenye Linux ule mstari wa kunakili unaweza kufika mwisho huku data nyingi ikiwa bado iko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inasubiri kuandikwa, na anayechomoa hapo hupoteza kazi yake. Mimi lakini sichomoi flashi yoyote kabla ya kutoa amri ya sync, inayolazimisha data yote iandikwe, na kuiondoa kwenye mfumo kwa utaratibu, na hiyo ndiyo kazi yangu ya kila wiki.

Nikaamua kuipima. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo f3, ambayo kwenye Ubuntu unaiweka kwa sudo apt install f3. Amri ya f3write huijaza flashi nzima mafaili ya GB moja moja, 1.h2w, 2.h2w na kuendelea, halafu f3read huyasoma tena na kuangalia kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Niliiacha usiku kucha, na kwa bahati umeme haukukatika. Asubuhi jibu lilikuwa kwamba data iliyo salama ni GB 7 na pointi, na iliyopotea ni zaidi ya GB 110. Flashi ya GB 8, basi, imevalishwa ganda la GB 128.

Ulaghai wenyewe unafanyika ndani ya chipu inayoiongoza flashi. Kompyuta, iwe ya Linux au ya Windows, haina namna ya kuipima flashi kwa macho. Inaiuliza ukubwa wake, na chipu iliyochezewa inajibu uongo. Ukivuka mwisho wa nafasi ya kweli, data hutupwa au huandikwa juu ya ile ya mwanzo, bila kosa lolote kutokea kwenye skrini, na ukisoma dmesg, yaani kumbukumbu za matukio ya kerneli, utakuta kimya. Majina ya mafaili yanabaki kwa sababu orodha yake iko mwanzoni mwa flashi, sehemu ambayo ipo kweli. Ndiyo maana pia kufomati hakuponyi kitu, kwa kuwa kunaandika orodha mpya palepale mwanzoni na kuacha uongo wa chipu ulivyo. Hata ukilinganisha sha256sum (alama ya kuhakiki kama mafaili mawili ni sawa) papo hapo baada ya kunakili, unaweza kuona zinalingana, kwani kompyuta inakusomea nakala iliyo kwenye RAM. Chomoa, chomeka tena, ndipo ulinganishe.

Muuzaji ameyaona matokeo hayo na bado flashi za aina ileile zinaning'inia ukutani kwake. Ninachodai ni pesa yangu irudi na mzigo ule uondolewe, la sivyo nitapeleka flashi, risiti na matokeo Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia nchini, na hapo tutaona yale maandishi ya chini ya risiti yatamsaidia nini. Mliokwisha kununua, msisubiri hadi mteja awatukane: ipimeni kabla ya kuweka kitu. Iliyogundulika feki inaweza kukatwa kwa f3fix ibaki na nafasi yake ya kweli, ingawa mimi kazi ya mteja siiweki humo tena. Na fundi atakayekuja hapa kuniambia nifomati, atangulize kwanza matokeo ya f3read.