Albamu na hati zimelowa mafuriko, nianzie wapi?

Swali: Maji yameshatoka ndani. Albamu za picha, hati ya kiwanja na daftari la ukoo vimejaa matope. Nani husaidia?

Jibu 1: Piga picha kila kitu kabla hujagusa, bima watadai ushahidi. Halafu wahi ukungu, maana huanza ndani ya saa 48. Usichoweza kukausha leo kitie kwenye mfuko wa plastiki, ugandishe kwenye friji. Ila negativu za kioo, yaani vioo vya zamani vilivyotumika kusafishia picha, usizigandishe.

Jibu 2: Picha zilizoshikana usizibandue zikiwa kavu, sura itabaki kwenye picha ya pili. Ziloweke kwenye maji safi ya baridi mpaka zilegee, uzianike kivulini, uso ukiwa juu. Jua hukunja karatasi. Feni iwepo, ila isizipulizie moja kwa moja.

Jibu 3: Msaada uombe kwa mhifadhi wa nyaraka, makumbusho au ofisi ya nyaraka za taifa. Hati ya kiwanja kwa kawaida ina kumbukumbu ofisi ya ardhi, kwa hiyo hangaikia kwanza daftari. Kama wino unachuja, usilioshe kabisa! Ligandishe hivyo hivyo, na matope yake.